Waliuawa ishirini au sitini? Kuandika mauaji mkiwa kambini, mbali na kijiji

Msomaji kutoka Kivu Kaskazini anauliza: "Sisi ni chama kidogo cha kutetea haki za binadamu. Watu wa kijiji kimoja wamekimbilia kambi iliyo jirani nasi. Wapo wanaosema waliuawa watu ishirini, wengine wanasema sitini. Kijijini hatuwezi kufika kwa sababu wenye silaha bado wako huko. Tuna simu mbili, madaftari na watu wanne wa kujitolea. Tuanzie wapi, na tufanyeje ili kazi yetu isije ikatupwa mahakamani?"

Kutofika kijijini kunapunguza mnachoweza kukisema, lakini kazi bado ipo. Tarehe 29 na 30 Novemba 2022 raia waliuawa Kishishe na Bambo, wilayani Rutshuru. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawakuweza kuingia. Walikwenda Rwindi, umbali wa kilomita 20 hivi, na kwenye kambi za jirani, wakahoji waathiriwa na mashahidi wa macho 52. Mapema Desemba wakatangaza kwamba angalau raia 131 waliuawa: wanaume 102, wanawake 17 na watoto 12. Serikali ilikuwa imesema 50, kisha ikapanda hadi karibu 300. Waasi wa M23, waliolaumiwa kwa mauaji hayo, nao walisema raia wanane, tena kwa risasi zilizopotea njia. Uchunguzi ulipoendelea, hesabu ya Umoja wa Mataifa ilifika 171.

Neno lililoibeba ripoti ile ni "angalau". Kutoka 131 hadi 171 hakuna aliyelazimika kumeza maneno yake, kwa sababu 131 ilikuwa idadi ya waliothibitishwa kufikia siku ile, basi. Aliyetaja 300 mapema hakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo ishirini yenu na sitini yenu zote ziwekeni kando. Msimuulize mtu yeyote "waliuawa wangapi?" Muulizeni "unamjua nani aliyeuawa?"

Fungueni orodha yenye mstari mmoja kwa kila marehemu: jina kamili, jina la utani, jinsia, umri, jina la baba na la mama, mtaa aliokuwa akiishi, mahali alipouawa, aliyeuona mwili, aliyezika na wapi, na namba ya siri ya aliyewapa habari. Majina ya wazazi mtayaona ni usumbufu mpaka siku mtakapokutana na Kambale watatu. Kwa Wanande majina kama Paluku, Kambale na Kasereka hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na kumi wenye jina moja. Na kinyume chake hutokea: marehemu mmoja anatajwa na mkewe kwa jina la ukoo, na mchungaji kwa jina la ubatizo, na vijana wenzake kwa jina la mpira. Bila wazazi na mtaa, huyo mmoja anakuwa watatu. Lugha yetu nayo ina mitego. "Ndugu yangu ameuawa" yaweza kuwa kaka wa tumbo moja, binamu, au mtu wa kwao tu. "Watoto wangu wawili" yaweza kujumuisha wa dada yake. Ulizeni kila mara: wa tumbo moja? Uliyemzaa wewe mwenyewe?

Orodha hiyo igawike mara tatu. Wa kwanza ni waliotajwa kwa jina na vyanzo viwili visivyotegemeana, angalau kimoja kikiwa kimeuona mwili au kuuawa kwenyewe. Wa pili ni wenye chanzo kimoja. Wa tatu ni waliopotea, ambao hakuna aliyewaona wakifa. Hao msiwahesabu na wafu hata kama kilio kimeshakaliwa. Wengine hutokea baada ya wiki tatu kwenye kambi nyingine, na mtu mmoja aliye hai ndani ya orodha yenu ya marehemu anatosha kuwapa waliofanya mauaji hotuba nzima redioni. Wekeni pia alama kwa yeyote aliyekuwa na silaha siku ile. Mpiganaji aliyekufa akipigana ni habari tofauti na raia, na mpiganaji aliyeuawa akiwa ameshajisalimisha ni tofauti tena, kwa kuwa hilo ni uhalifu wa kivita. Msiwafiche ili orodha ionekane safi.

Sasa hivyo "vyanzo viwili". Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, iliyopitia uhalifu mkubwa wa Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, iliorodhesha matukio 617, kila moja likihitaji angalau vyanzo viwili huru. Kipimo hicho ni cha chini kuliko cha mahakama, lakini hata hicho huwashinda wengi kwa sababu wanahesabu midomo. Mama mmoja aliona nyumba ikichomwa na watu ndani. Akawasimulia saba njiani. Kesho yake wote wanane wanawaambia ninyi kuhusu nyumba ile, na daftari linaonyesha mashahidi wanane. Ni mmoja. Dawa yake ni swali fupi ambalo watu wenu wanne walizoee kama pumzi: "Ulijuaje?" Kila sentensi nzito ifuatwe nalo, na jibu liandikwe kwa mojawapo ya alama tatu: ameona, amesikia kwa masikio yake (mlio, sauti, amri), ameambiwa na fulani. Huyo fulani ndiye mtakayemtafuta.

Muda nao hupotea njiani. Shahidi anaposema saa mbili usiku, anayeandika ripoti kwa Kifaransa anaweza kuweka saa 8 au saa 2 badala ya saa 20, na wakili wa utetezi ataikuta. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kisha pembeni saa ya tarakimu, kisha kithibitisho: giza lilikuwa limeingia? Kengele ya kanisa ilishalia? Simu nazo zisiaminiwe mno karibu na mpaka. Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na simu iliyonasa mtandao wa Uganda huko Bunagana au Kasindi inaweza kuruka saa moja mbele, pamoja na muda unaobaki kwenye picha. Kwa tarehe za zamani tumieni nanga zinazojulikana na wote: mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 na ule wa Mei 2021, kutekwa kwa Goma Novemba 2012, uchaguzi wa Desemba 2023. Kwa tarehe za karibuni, siku ya soko hufanya kazi vizuri kuliko kalenda. Majina ya mahali pia: kuna Luvungi ya Walikale na Luvungi ya bonde la Ruzizi, wilaya ya Uvira. Andikeni kijiji, grupema (kundi la vijiji), sheferi (eneo la chifu) na wilaya, na kilima au mto ulio karibu.

Hapa ndipo vyama vidogo huharibu kwa nia njema. Mkishampata shahidi mzuri, mtatamani kumchukulia maelezo yote, kurasa kumi, na sahihi chini. Msifanye hivyo. Mwongozo ambao Eurojust na ofisi ya mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, waliutoa Septemba 2022 kwa mashirika ya kiraia unashauri kuepuka maelezo marefu pale ambapo mchunguzi mwenye mamlaka anaweza kuyachukua baadaye. Sababu ni ya kibinadamu kabisa. Mtu akisimulia tukio lilelile mara tano kwa watu watano, simulizi hazitalingana: mara watu sita wenye bunduki, mara wanane. Si uongo, kumbukumbu ndivyo ilivyo. Lakini karatasi zote tano zikilala mbele ya majaji, wakili ana kazi rahisi.

Na yapo mabaya zaidi ya hayo. Katika kesi ya ICC dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri aliyeshtakiwa kwa kutumia askari watoto, hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji waliona kwamba baadhi ya watu wa kati waliotumiwa kuwatafuta mashahidi huko Ituri huenda waliwashawishi kusema uongo, wakakataa kuutegemea ushahidi wa mashahidi waliosema walikuwa askari watoto. Lubanga alitiwa hatiani hata hivyo, video za wakati ule zikiwa sehemu muhimu ya ushahidi. Watu wa kati walikuwa wakifanya kazi mnayotaka kuifanya ninyi.

Kwa hiyo kwa kila shahidi chukueni ukurasa mmoja. Alikuwa wapi, aliona nini kwa jumla, nani mwingine alikuwepo, ana kitu gani mkononi (picha, karatasi, jeraha), anapatikanaje bila kumhatarisha, na amekubali nini. Mkimaliza, mna ramani ya ushahidi: nani ana nini. Mchunguzi wa kweli hulipia dhahabu ramani kama hiyo. Isipokuwa shahidi ni mgonjwa sana, ni mzee dhaifu, au yuko njiani kwenda asikojulikana. Huyo mwandikieni kwa kirefu, mara moja, na mtu mmoja.

Kuhusu kukaa na watu. Mahema ya turubai hayatunzi siri, na mkimwita mtu mbele ya majirani mmeshamtangaza. Tumieni mahali ambapo kila mtu huenda kwa shughuli nyingine, kama zahanati au darasa la shule baada ya masomo. Msimwache rais wa kambi awachagulie mashahidi. Atawaletea wasemaji wazuri, na waliokaa kimya ndio mara nyingi walioona. Wawili waingie, mmoja aulize, mwingine aandike, saa moja hadi moja na nusu, kisha basi. Swali la kwanza liwe pana: "Tueleze siku ile tangu ulipoamka." Halafu nyamazeni. "Waliokuja walikuwa wa kundi fulani, sivyo?" ni swali linalomtia shahidi jibu mdomoni. Mkalimani asitoke kwenye ukoo wa mhusika wala upande wa pili wa ugomvi, na afasiri kauli nzima, asifupishe. Watoto msiwahoji, andikeni tu kwamba yupo mtoto aliyeona na nani anamlea.

Ridhaa msiichukue kwa swali moja. Tuandike? Tutunze jina lako? Tuwape Umoja wa Mataifa? Tuwape waendesha mashtaka? Mtu anaweza kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana, na hiyo hapana iheshimiwe, na aruhusiwe kubadili mawazo mwezi ujao. Msiahidi siri ya milele: kesi ikifika mahakamani, jina linaweza kufika kwa mshtakiwa hata kukiwa na hatua za ulinzi. Msilipe chochote. Nauli halisi irudishwe na iandikwe kwenye daftari kwa kiasi na tarehe, maana swali la "ulipewa nini?" litakuja.

Ubakaji ni sura nyingine, na kama hakuna aliyefunzwa kati yenu, msiuulizie. Mkiambiwa bila kuuliza ("walinishika kwa nguvu", "waliniharibu"), jambo la kwanza ni saa, si maelezo: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mjue kabla ya siku hiyo ni kituo gani kina dawa kweli, maana kibao ukutani hakimaanishi dawa ziko kabatini. Matibabu hayategemei shitaka wala fomu yenu. Daktari ndiye atakayeandika alichokikuta, na karatasi yake itakuwa na nguvu kuliko daftari lenu.

Tuje kwenye sehemu ambayo kesi nyingi za Kivu hufia. Baada ya askari wa serikali kubaka na kupora Minova mwishoni mwa 2012, washtakiwa 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Hukumu ya Mei 2014 iliwatia wawili tu hatiani kwa ubakaji. Kwamba wanawake walibakwa halikuwa na ubishi mkubwa. Kilichokosekana ni kamba ya kumfunga mshtakiwa huyu kwenye kitendo kile, na wakubwa kwenye vitendo vya vijana wao. Ninyi mko mahali pazuri pa kuisuka kamba hiyo, kwa kuwa watu wa kambini waliishi na hao wenye silaha miezi kadhaa kabla ya mauaji.

Ulizeni maisha ya kabla. Nani alikuwa anakusanya lala salama, yaani ushuru ambao wenye silaha huwatoza raia, siku gani, kiasi gani? Makundi mengi hutoa jetoni, kikaratasi cha kuonyesha kwamba umelipa. Mama aliyekimbia na jetoni tatu kwenye kitenge ana mhuri, tarehe, pengine na sahihi: ni hati iliyoandikwa na kundi lenyewe, kuonyesha kwamba lilitawala pale. Pigeni picha pande zote mbili na mwachieni karatasi yake. Nani aliwaita watu kwenye salongo, yaani kazi ya lazima? Kambi ya wapiganaji ilikuwa kilima gani? Nani alibeba motorola (redio ya mkononi), na alipoongea humo aliita jina gani? Nani alipigiwa saluti? Aliyelala nyumba nzuri kuliko zote ni nani? Na baada ya mauaji: mkubwa yeyote alimwadhibu mtu, au alikuja akaona miili akaendelea na safari? Sheria ya ICC, ibara ya 28, humbana kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, asizuie wala asiadhibu.

"Walikuwa wakisema Kinyarwanda" si utambulisho wa kundi. Kinyarwanda husemwa na raia wa Masisi na Rutshuru, na wapiganaji wa makundi yanayouana wenyewe kwa wenyewe. Sare pia huibwa, huuzwa na huvaliwa na kila upande. Andikeni maneno hasa waliyoyasikia, rangi ya buti, alama ya begani, njia waliyojia na waliyoondokea, kisha "ulijuaje ni wao?" Jibu la "wote wanajua" liandikwe hivyohivyo, bila kulipamba.

Watu hukimbia na simu, kwa hiyo picha zitakuwepo. Tatizo ni kwamba nyingi zimeshapita WhatsApp, na picha ikitumwa kule kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na mahali vilivyokuwa ndani yake. Mtafuteni aliyepiga, mkanakili faili kutoka simu yake kwa waya, au aitume kama hati. Msikate, msiandike juu yake, msibadili jina la faili la asili. Siku hiyohiyo tengenezeni alama ya SHA-256 kwa programu ya bure na kuiandika daftarini. Ni msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika hata nukta moja ya picha ikiguswa. Kwenye kesi ya Bukavu ya 2018 dhidi ya makamanda wawili wa FDLR, kundi la waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo, picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness, inayofunga muda na mahali ndani ya picha yenyewe, ziliwasilishwa mahakamani kama ushahidi. Simu yenu moja iwe nayo.

Mwombeni pia kila shahidi achore kijiji kwa mkono: njia, kanisa, nyumba yake, aliposimama, alipoona miili. Michoro ya watu wanne wasioonana ikilingana, mmepata kitu ambacho pesa hainunui. Vijiji vilivyochomwa huonekana pia kwenye FIRMS, huduma ya bure ya NASA inayoonyesha mioto kwa vipande vya mita 375. Lakini Juni hadi Agosti wakulima huchoma mashamba, na mawingu huficha. Kwa hiyo alama ya moto husaidia tu ikilingana na tarehe ya mashahidi.

Siku kijiji kitakapofunguka, msichimbue kaburi wala msiokote maganda ya risasi. Mifupa ikihamishwa bila mtaalamu, sababu ya kifo hupotea nayo. Ganda la milimita 7.62 kwa 39 halisemi mengi peke yake, kwa kuwa jeshi na makundi yote hulitumia. Kilicho na maana ni lilipolala. Pigeni picha ya mbali, ya kati, na ya karibu penye rula, kisha alama za kitakoni, na liachwe hapohapo. Kaburi msilitie kibao. Andikeni mahali lilipo na vipimo vya GPS tu.

Daftari likikamatwa kizuizini, nani atakufa? Hilo ndilo swali la usalama, mengine ni mapambo. Kwenye maelezo asiwepo jina, iwepo namba. Ufunguo wa namba na majina ukae kwa mtu mwingine, mahali pengine. Flashi ifungwe kwa nywila ndefu. Simu ifunguliwe kwa nywila, kwani kidole kinaweza kulazimishwa. Picha zikishahamishwa na kuhakikiwa mahali salama, futeni simuni kabla ya kupanda pikipiki. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, watetezi wengi walilazimika kujificha au kuvuka mpaka kwa muda mfupi sana. Jaribuni zoezi hilo leo: mna saa moja ya kuondoka, nini kinabaki ofisini?

Kuhusu pa kupeleka, viko vitatu, na uamuzi urudi kwenye ridhaa ya kila shahidi. Ofisi ya pamoja ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa huweza kutuma wachunguzi na kuandika ripoti, lakini haimfungi mtu. Oditora, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, anaweza kufungua kesi; ila mjiulize kwanza kama wanaotajwa ni wenzake wa jeshi, au kama eneo hilo bado liko chini ya serikali. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa ICC ilitangaza Oktoba 2024 kwamba inaelekeza uchunguzi wake upya Kivu Kaskazini, kwa uhalifu wa tangu Januari 2022, na uhalifu wa aina hii mbele ya ICC hauozi kwa miaka kupita. Kwa wote peni nakala, asili ibaki kwenu, na muandike kwenye ukurasa mmoja wa daftari: faili gani, alama yake ya SHA-256, nani alitoa, nani alipokea, tarehe, saa. Ukurasa huo ndio wa kwanza ambao wakili wa utetezi ataomba kuuona, kwa hiyo uanzeni kabla ya mahojiano ya kwanza.